Jina la Nieves Ukutani

Alfondera, 14 Septemba 2018

Fina, uwanja wa tenisi wa mji wetu unapewa jina la mwanangu. Uwanja mzima, si benchi la kupumzikia wazee. NIEVES PORCAR GOZALBO, kwa herufi za buluu juu ya vigae vyeupe, pale langoni, hata anayekwenda zake sokoni asome apende asipende. Maandishi yenyewe nimeyaona kwa macho yangu haya.

Nisamehe, nimeanza kama mtu anayekimbizwa na mbwa. Mdogo wangu mpendwa, salamu nyingi kwako, kwa shemeji Marcel na kwa wanao wawili, ambao najua sasa ni wanaume wa kunyoa ndevu lakini mimi bado nawaona wakiwa na makamasi. Goti lako linaendeleaje? Batiste wangu anasema ulipaka mafuta ya kambare au ya nini sijui, yeye huchanganya kila kitu anachoambiwa kwenye simu. Sisi huku tuzima. Batiste anakohoa kikohozi chake kile kile cha vumbi la kiwandani, na nyanya zake mwaka huu ni kubwa kuliko za jirani, jambo linalompa usingizi mzuri. Mimi nina miaka sitini na saba na meno yangu yote, isipokuwa yale mawili.

Unashangaa nakuandikia kwa kalamu wakati simu ipo. Ni Batiste aliyesema. Alisema, Consuelo, mwandikie, maana kwenye simu utaanza kujisifu na salio litakwisha kabla hujafika kwenye neno. Basi nakuandikia. Jipatie kiti.

Nieves yumo nyumbani kwako Toulouse mwaka wa pili huu, na mimi mama yake hajanipa hata neno moja. Meya alimpelekea mwaliko mwezi Julai. Akajibu kwa mstari mmoja: Nashukuru, sitakuja. Meya wetu ni binti wa Pasqual wa duka la misumari, unamkumbuka, aliyekuwa na kigugumizi. Sasa hana kigugumizi hata kidogo. Alikuja kwangu na ile karatasi mkononi, akaniambia, mama Nieves, sherehe ya mtu bila mwenyewe ni matanga. Nikamwambia atakuja, niachie mimi, nani anamjua kuliko mimi niliyemzaa. Tangu siku ile nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia, na mlango uliobaki ni wako. Lakini siwezi kukuomba umlete mpaka nikuambie kwa nini haji, kwa sababu nilichokuambia zamani hakikuwa kweli.

Nianze na kilicho kweli. Mwanangu alifika nafasi ya thelathini na nane duniani. Fina, duniani. Wahesabu wanawake wote wanaoshika raketi, kutoka Urusi mpaka Marekani, weka thelathini na saba pembeni, anayefuata ni mtoto wa mkaguzi wa vigae na dereva wa lori la kiwanda. Alishinda mashindano ya Palermo na mengine Bogota. Kule Paris alimtoa Mcheki aliyekuwa wa nne kwa ubora, kwenye uwanja namba saba, mkono wake wa kushoto ukicheza kama mtu anayekunjua shuka. Nina kila gazeti. Nimeyapanga ndani ya makopo ya halua ya lozi, kopo moja kila mwaka, makopo kumi na manne, na ukija nitakufungulia yote, hutaondoka kabla ya la mwisho.

Mwanamke wa duka la mikate aliniambia siku moja mbele ya foleni, mama Nieves, tumemwona mwanao kwenye televisheni, jamani amekonda. Nikamjibu kwamba wanaoshinda ndio wanaokonda, wanaonenepa ni wanaokula mikate yako. Foleni nzima ilicheka. Niliishi miaka kumi na minne kwa namna hiyo, Fina. Nilikuwa nikienda kununua mkate ambao sikuuhitaji.

Lakini hata katika miaka ile ya raha, Nieves alikuwa na jambo lililonichoma. Unajua kwamba kwenye udongo mwekundu mpira huacha alama. Ukigusa mstari hata kwa unywele, uko ndani. Basi mwanangu alikuwa na tabia ya kurudisha pointi. Mwamuzi amekwisha kusema mpira wa mpinzani uko nje, watu wamepiga makofi, yeye anakwenda, anainama, anaitazama alama, kisha anaifuta kwa kiatu na kumwambia mwamuzi, ulikuwa ndani, mpe mwenzangu. Alifanya hivyo Palermo. Alifanya hivyo Madrid. Pale Paris, baada ya kumtoa yule Mcheki, raundi iliyofuata alibakiza pointi moja tu achukue seti, mwamuzi akampa, naye akairudisha, na mechi ikamponyoka. Nilimpigia simu hotelini nikamwambia, mwanangu, wewe ni mjinga wa kuzaliwa au umejifunza huko? Umepewa na mwamuzi, unarudisha ya nini? Akasema, mama, nalala.

Wakampa zawadi ya uungwana kwa hilo, sanamu ya kioo yenye umbo la mkono. Aliileta nyumbani akaiweka nyuma ya sahani, wala hakuwahi kuitoa. Mimi niliitoa, nikaiweka sebuleni chini ya taa. Wageni wakija huanza nayo.

Nilikuwa nikisema sielewi tabia ile imetoka wapi. Nilikuwa nikisema hivyo kwa Batiste, kwa Vicenta wa kazini, kwa padri. Nilielewa vizuri sana.

Wewe uliondoka Alfondera ukiwa na miaka ishirini, hukuwahi kusimama kwenye mkanda wa vigae, kwa hiyo lazima nikueleze. Mimi nimekagua vigae miaka thelathini na mmoja. Vinatoka tanurini vinapita mbele yako, na wewe una muda wa kupepesa jicho mara mbili kujua hiki ni daraja la kwanza, hiki cha pili, hiki kimepasuka. Kelele zilizomo humo hazisemeki. Hata ukipiga yowe, wa pembeni yako hasikii. Basi sisi wanawake wa mkanda tuna lugha yetu ya mikono. Ngumi ni tanuri limekorofisha. Kiganja kifuani ni msimamizi anakuja. Na kidole cha shahada kikiinuliwa hivi, karibu na shavu, ni kasoro, kitoe. Watoto wetu wote walikua na lugha hiyo. Nieves alikuwa akiniuliza kwa kidole mezani kama samaki ameharibika.

Na wazazi hawaruhusiwi kuongea wakati mtoto anacheza tenisi. Ukifungua mdomo unatolewa. Nadhani unaanza kuona ninakokwenda, lakini ngoja.

Nieves alipostaafu, mwaka 2016, miaka ishirini na minane, bega limepasuliwa mara mbili, alirudi kukaa na sisi kwanza. Redio ya mkoa ikamwita. Mimi na Batiste tulikuwa mezani, nimeongeza sauti mpaka mwisho na kufungua dirisha la upande wa majirani. Mtangazaji akamwuliza ni mechi gani haimtoki kichwani. Nilikuwa nangoja Paris. Alisema ni ile ya Alfondera, fainali ya mkoa ya watoto wasiozidi miaka kumi na minne. Alisema, mpira wa mwisho wa Lledó Usó ulikuwa ndani, mimi nikasema uko nje. Yeye ndiye aliyeshinda. Miaka yote hii nimecheza kwenye nafasi yake.

Batiste aliacha kijiko ndani ya bakuli. Mimi niliinuka nikafunga dirisha.

Lledó ni binti wa Vicenta. Vicenta niliyesimama naye kwenye mkanda, bega kwa bega, miaka ishirini na miwili. Mabinti zetu walijifunza tenisi siku moja, kwenye uwanja mmoja, ule ule ambao vumbi lake jekundu ni matofali yaliyosagwa ya kiwanda chetu. Watu walisema mkono wa Nieves una nguvu na kichwa cha Lledó kina akili. Mwaka ule kituo cha mafunzo cha Barcelona kilitoa nafasi moja tu kwa mkoa wetu, nayo ilikuwa ya atakayeshinda fainali.

Asubuhi ya pili baada ya redio nilifanya jambo ambalo nimekuwa nikilificha hata kwako. Nilipiga simu kwenye kipindi kile kile nikaomba kuzungumza hewani. Nikasema mimi ni mama yake. Nikasema mwanangu amechoka, dawa za maumivu zinamchanganya akili, na tangu utotoni ana ugonjwa huo wa kujidharau. Nikasema, mimi nilikuwepo, mpira ulikuwa nje, na jicho langu limekagua vigae miaka thelathini na mmoja, halidanganyiki. Mtangazaji akasema, wasikilizaji, mama ni mama. Nilipokwenda kununua mkate walinipa pole. Mmoja akasema umaarufu unawaharibu watoto wa siku hizi, mpaka wanajisingizia. Nilikubali pole zote, Fina. Nilizibeba pamoja na mkate.

Wakati napiga simu ile Nieves alikuwa chumbani mwake. Nyumba yetu unaijua, ukuta wa chumba kile ni wa kupiga chafya ikasikika. Alitoka na begi lake la raketi, ndani hamna raketi, ameweka nguo. Akasimama mlangoni akaniambia, mama, nilikuachia nafasi useme mwenyewe, na wewe umeitumia hivyo. Nikamwambia atakayetoka mlango huo asirudi kunililia. Kisha nikakupigia wewe simu kwamba tumegombana kwa sababu hataki kufungua shule ya tenisi. Ukaamini, kwa sababu ilifanana na mimi.

Sasa fikiri, mdogo wangu. Redioni alisema mimi, mimi, mimi. Hakumtaja mtu mwingine. Na najua hajakwambia hata wewe mama yake wa ubatizo, kwa sababu angekwambia ungenipigia siku hiyo hiyo, na hasira zako nazijua.

Tarehe kumi na tisa Mei 2002, Jumapili. Jua la kukaushia vitambaa. Seti ya tatu, Lledó mbele, amebakiza pointi moja awe bingwa. Kwenye mashindano ya watoto hakuna mwamuzi wa kukaa kila uwanja, kila mmoja ni hakimu wa upande wake. Lledó akapiga mpira mrefu, ukaanguka kwenye kona, upande wa Nieves, mbele yangu kabisa, mimi nipo nyuma ya wavu wa uzio na Vicenta pembeni yangu tunagawana machungwa. Ulikuwa ndani, Fina. Nusu ya alama ilikuwa juu ya mstari. Nisingehitaji hata kupepesa mara moja.

Nieves alikwenda akaitazama. Akajua. Niliona mabega yake yakilegea, mtoto anapokubali kitu unamjua. Alikuwa amekwisha kuanza kugeuka aende kumpa mwenzake mkono. Na kabla hajageuka, akaniangalia. Hakuniuliza kitu, nadhani alitaka tu kuona kama nimesikitika.

Nikainua kidole.

Hivi, karibu na shavu. Kasoro, kitoe. Nieves akakiona. Kisha akaenda hatua mbili pembeni, mahali palipokuwa na alama ya zamani iliyo nje vidole vitatu, akaizungushia duara kwa raketi, akasema nje. Lledó alikuja mbio. Mwamuzi akaitwa kutoka uwanja wa pili, akaonyeshwa lile duara, akasema nje ni nje. Lledó hakupata gemu nyingine tena siku ile. Alicheza huku analia, na mtu akilia haoni mpira.

Jioni Nieves aliniomba aende kwa akina Lledó. Nikamwuliza kufanya nini. Akasema kuwaambia. Nikamwambia, Jumatatu wiki ijayo utakuwa Barcelona, na mtu aliyeko Barcelona hana cha kuwaambia watu wa Alfondera. Nikachukua viatu vyake nikaviweka juu ya kabati. Alikuwa na miaka kumi na minne. Hakuomba tena, wala siku ile wala baadaye. Kila pointi aliyoirudisha Palermo na Madrid na Paris nilijua anamlipa nani, na bado nikampigia simu kumwita mjinga.

Nieves akaenda Barcelona. Lledó akaacha raketi, na alipofika umri wa kuajiriwa akaingia kiwandani, idara ya kuchora. Na Vicenta Jumatatu alikuja kazini, akasimama pembeni yangu kama kawaida, tukaendelea kukagua. Jambo moja tu lilibadilika. Akiona kigae kibovu hakuinua kidole tena. Aligonga chuma kwa penseli, ko, ko, nami nageuka. Nilijiambia ni baridi yabisi, vidole vyake vinamuuma. Miaka ile yote nilijiambia hivyo. Alifariki mwezi Machi, na nikamwekea shada kubwa kuliko la kiwanda.

Haya, sasa nikupeleke mwezi Agosti, ufahamu kwa nini nakuandikia leo na sikukuandikia mwaka jana. Meya aliagiza vigae vya langoni kiwandani, na anayejua kuandika herufi nzuri pale ni mmoja, Lledó. Alikuja kwangu na vigae sita vimefungwa kwa gazeti, akavipanga juu ya meza ya jikoni kimoja kimoja. Bado vibichi, havijaingia tanurini. Kigae kibichi unaweza kufuta maandishi kwa sifongo, kikichomwa basi tena. Vilisomeka: UWANJA WA NIEVES PORCAR GOZALBO. Na chini: HAPA, TAREHE 19 MEI 2002, ALISHINDA UBINGWA WAKE WA KWANZA. Tarehe ile meya aliipata kutoka kwangu. Aliniuliza yote yalianzia wapi, nami nikajisifu kabla ya kufikiri.

Lledó alisema, Bi Consuelo, meya anataka familia ikague kabla ya kuchoma. Wewe ndiye mkaguzi. Tazama kama kuna kasoro. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu aliye kazini. Nikavaa miwani. Nikasifu herufi, nikasifu buluu, nikampa kahawa na kipande cha keki ya malenge. Nikasema sioni kasoro. Akavifunga tena kwa gazeti, akanawa vikombe vyote viwili, maana alilelewa vizuri, na mlangoni akaniambia kwamba mama yake marehemu alikuwa akisema, Consuelo ana jicho la ajabu kwa vigae vya wenzake.

Siku tatu sikununua mkate. Batiste aliniuliza kama naumwa, nikamwambia yote, na yeye aliyekaa nami miaka arobaini na mmoja akatoka kwenda kumwagilia nyanya zilizokwisha kumwagiliwa. Aliporudi akasema, Nieves anajua kwamba unajua? Nikasema, Batiste, yeye ndiye aliyenitazama. Akasema, basi mtoto amebeba mizigo miwili.

Siku ya nne nikaenda kiwandani, saa nne, wakati wa kula mkate. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya majukwaa ya mbao wanatafuna mkate wa mayai na viazi. Amparín, ambaye nilimfundisha kazi mimi, akapiga kelele, Bi Consuelo, umestaafu umechoka kustaafu, au umekuja kutunyang'anya mkate? Nikajaribu kucheka. Nikamwambia Lledó nataka kusema naye pembeni. Akasema, semea hapa, hawa hawana siri na mimi. Na mikanda ilikuwa inazunguka, kile kiwanda hakizimwi hata watu wakila. Nikafungua mdomo, sauti ikamezwa na kelele, na mkono wangu, Fina, mkono wa miaka thelathini na mmoja, ukaanza kupanda wenyewe kuelekea shavuni.

Lledó akaushika akaushusha. Akaniambia sikioni, kidole nilishakiona, Bi Consuelo. Leo tumia mdomo.

Kwa hiyo ilinibidi nipige yowe. Nilipiga yowe kama muuza samaki: mpira wako ulikuwa ndani, mimi ndiye niliyemwinulia Nieves kidole. Amparín akaweka mkono sikioni kwamba hakusikia vizuri, nami nikarudia. Mara ya pili wote walisikia. Hakuna aliyetafuna.

Lledó hakulia wala hakunikumbatia, usije ukadhani ni kama kwenye tamthilia. Alimaliza tonge lake. Akasema, nilikuona kutoka ng'ambo ya uwanja. Na mama alikuona, alikuwa pembeni yako na chungwa mkononi. Alisema, tumwache, atakuja mwenyewe. Amekungoja miaka kumi na sita kasoro miezi miwili. Nikamwambia nisamehe. Akasema hilo analiweka kando kwanza. Akasema, hapa wamekusikia watu sita. Siku ile ya redio walikusikia mkoa mzima ukimwita mwanao kichaa. Anza na huyo.

Kisha akanieleza kuhusu vigae. Hajavichoma na hatavichoma. Amemwambia meya tanuri lina foleni, siku ya sherehe vitawekwa vibichi juu ya ubao, kitambaa juu yake, na yeye Lledó atasimama hapo na ndoo ya maji na sifongo. Akasema, wewe sema, watu waamue, mimi nitafuta watakachotaka nifute. Inaweza kuwa mstari wa chini tu. Inaweza kuwa na wa juu. Mimi nimemwambia wa juu usifutwe, yule ni wa thelathini na nane duniani. Akasema, hilo ndilo usiloliweza, kunyamaza.

Nilikwenda kwa meya pia. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia, mama Nieves, mambo ya watoto, matangazo yamekwisha kubandikwa, kwa nini unataka kujiaibisha uzeeni. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Anadhani nimeghairi. Ameniandika kwenye ratiba: shukrani za familia, dakika tatu.

Sasa ombi langu, na ni dogo kuliko nilivyokuwa nimelipanga. Sikuombi umshawishi Nieves. Msomee barua hii yote, na kujisifu kwangu humo humo, asije akadhani ameiandika mtu mwingine. Usiruke ile habari ya viatu juu ya kabati. Akisema haji, asije, nami nitasema hata asiponisikia, kwa sababu redioni pia nilisema bila yeye kuwepo. Na akija, mwambie sitaki akae na familia mbele. Akae anapopenda, hata karibu na Lledó, hata asinitazame.

Batiste anakusalimu sana na anasema mje na gari kubwa, mtaondoka na nyanya. Salamu kwa Marcel, mwambie mvinyo wake wa Krismasi ile ulikuwa mbaya lakini namkumbuka kwa wema. Wabusu wanao kwenye ndevu. Vitanda nimekwisha kuvitandika, sungura wawili wameagizwa kwa wali wa paella, na konokono nawaosha mwenyewe.

Siku ya sherehe ni sikukuu ya mkoa wetu, hakuna anayefanya kazi siku hiyo, mji wote utakuwa pale. Kitambaa kinavutwa saa tano na nusu. Mimi nasema saa tano kamili, kabla ya kitambaa, na dakika tatu zinanitosha. Nawatarajia nyote, mlionikasirikia na mtakaonikasirikia. Jumanne, tarehe tisa Oktoba.

Dada yako,
Consuelo